Rangi ya pilau haitoki kwenye pakiti

Pilau ikitoka nyeupe, wapishi wengi wa nyumbani huvilaumu viungo, na siku nyingine huongeza kijiko cha unga wa pilau masala. Wanachopata ni wali uleule mweupe, sasa na uchungu juu yake. Ile rangi ya kahawia haitoki kwenye bizari. Inatoka kwenye kitunguu.

Kitunguu maji, karibu asilimia 90 ni maji matupu. Maadamu maji hayo hayajakauka, joto la kitunguu halipandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa joto hilo hulainika tu. Yakishakauka, joto hupanda hadi kwenye nyuzi 140 na zaidi. Hapo sukari na protini zake huungana, zikatoa rangi na ladha ambazo kitunguu kibichi hakina. Vitunguu 2 vikubwa ndani ya vijiko 4 vya chakula vya mafuta, kwa moto wa wastani, huchukua kama robo saa ya kukoroga. Ukikatisha njiani umepata kitunguu kilichoiva, pilau bado. Kinatakiwa kifikie rangi ya mbao ya mninga. Kikiwa cheusi, kimwage uanze upya, kwani uchungu wa kitunguu kilichoungua haufichiki.

Kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa huingia sasa, si mapema, kwa kuwa saumu huungua upesi. Vifuate viungo vizima: bizari nyembamba vijiko 2 vya chai, iliki 5, karafuu 5, pilipili manga 10 na kijiti cha mdalasini. Harufu ya viungo hukaa katika mafuta yake ya asili, nayo huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta ya kupikia kuliko kwenye maji. Ukivitupa moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, harufu nyingi hupaa na mvuke. Jirani atafaidi kuliko mlaji. Karafuu msizidishe, hata kama zimetoka Pemba na mnazionea fahari.

Harufu ikipanda, mimina nusu kikombe cha maji ukwangue chini ya sufuria kwa mwiko. Ile kahawia iliyoganda huyeyuka, na mchuzi huo ndio utakaoipaka rangi kila punje. Kuna wanaotia nyanya hapa. Wali wao ni mtamu, lakini mwekundu.

Upande wa maji ndipo hesabu za wengi zinapokwama. Vikombe 2 vya mchele, uwe wa Kyela, pishori ya Mwea au basmati, uliooshwa vizuri na kulowekwa dakika 20, hutaka maji vikombe 3, pamoja na ile nusu ya mwanzo. Sasa umepata wageni, unapika vikombe 4: je, maji yawe 6? Hapana, 5 yanatosha. Mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake. Kinachozidi ni cha kufidia mvuke, na mvuke hutegemea upana wa sufuria na mfuniko wake, hauongezeki maradufu kwa sababu mchele umeongezeka maradufu. Ndiyo maana pilau ya wageni mara nyingi huwa bokoboko. Mchele mpya wa mavuno upunguzie maji kidogo zaidi.

Onja maji kabla ya kutia mchele. Chumvi yake izidi kidogo ile ya mchuzi wa kawaida. Maji yakishuka hadi usawa wa mchele, punguza moto, funika, palia makaa juu ya mfuniko kama unayo, uache dakika 15 hadi 20. Usikoroge, maana punje zikivunjika hutoa wanga na kushikana. Ukiepua, iache imefunikwa dakika 10 nyingine ndipo upakue, kando ya samaki wa kukaanga na kachumbari.

Itakayobaki isilale jikoni. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Itandaze ipoe, uiweke kwenye friji ndani ya saa 2.