Ufadhili wa Utafiti Australia: Msimamizi Kwanza, Fomu Baadaye

Mwombaji wa ufadhili wa uzamivu nchini Australia anayeanza kwa kujaza fomu ameanzia mwisho. Vyeti vyake vinaweza kuwa safi na alama zake za juu, lakini kama hakuna mhadhiri wa chuo hicho aliyekubali kumsimamia, mara nyingi ombi lake haliendi mbali.

Sababu iko kwenye namna fedha zinavyotoka. Mfuko mkubwa ni Mpango wa Mafunzo ya Utafiti, maarufu kwa kifupi cha RTP, ulioanza Januari 2017. Serikali hutoa fedha, ila haichagui mwanafunzi. Huzigawa kwa vyuo, na kila chuo hushindanisha waombaji wake, mara nyingi wale ambao tayari wana msimamizi. Anayeshinda huweza kusamehewa ada na kupewa posho. Mwaka 2025 kima cha chini cha posho hiyo kilikuwa dola za Australia 33,511 kwa mwaka, na anayesoma muda wote hakatwi kodi. Kwa jiji kama Sydney, ambako pango ni ghali mno, hizo ni fedha za mtu mmoja anayejibana. Mwenye familia ajipange mapema.

Msimamizi hupatikana kwa kumwonyesha kazi. Chukua mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, aliyefanyia utafiti viduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama na mahindi. Mwaka 2013 viduha vyenye maua mekundu viligunduliwa karibu na Mackay, jimboni Queensland, na mapambano ya kuvitokomeza yakaanza. Chuo Kikuu cha Queensland nacho kina watafiti wa mtama wanaofanya kazi katika kituo cha Hermitage, karibu na mji wa Warwick. Barua pepe ya aya tatu inamtosha mhitimu huyo: alichokipima shambani, alichokisoma katika makala za mtafiti anayemwandikia, na swali analotaka kulijibu. Barua inayosema tu kwamba mtu ana ndoto ya kusoma nje haimpi mhadhiri sababu ya kujibu.

Kuhusu ajira, wanafunzi wengi wa kigeni hawaruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 48 kwa kila wiki mbili wakati wa muhula. Wa uzamivu na uzamili wa utafiti hawana ukomo huo wakishaanza masomo, ingawa masharti ya ufadhili yanaweza kuwabana. Akihitimu, mwenye uzamivu anaweza kuomba viza namba 485 na kufanya kazi hadi miaka mitatu. Tangu Julai 2024 wengi huikosa viza hiyo wakishapita miaka 35, lakini waliosomea utafiti bado wanaweza kuiomba kabla ya kutimiza miaka 50. Ni nafuu kubwa kwa mhadhiri msaidizi wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi huanza uzamivu akiwa mtu mzima.

Ufadhili wa Australia Awards ni jambo jingine. Huo hutolewa na serikali yenyewe, na anayeupata hulazimika kuondoka Australia kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Anayewaza ajira huko aisome mikataba ya RTP na Australia Awards kabla ya kutia saini.

Na wakala akidai fedha ili "akuingize" kwenye RTP, usimpe hata senti. Ombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Weka akiba yako kwa ada ya viza ya mwanafunzi, ambayo tangu Julai 2025 ni dola za Australia 2,000.