Miliampea 4: "Salama" ya Kigunduzi cha Moto

Nyumbani kwetu, mtu akiulizwa hali hujibu "salama" hata kama amechoka. Kinachomtisha mama si jibu baya, ni kutojibiwa kabisa. Mwaka huu, katika karakana ya umeme chuoni, nimekutana na kifaa chenye adabu hiyo hiyo: kigunduzi cha miali ya moto.

Usikichanganye na kile cha moshi kinachofungwa darini. Hiki ni jicho. Hakingoji moshi ukifikie. Hutafuta mionzi tusiyoiona sisi, ya urujuanimno au ya infraredi. Mahali pake ni penye mafuta na gesi. Sisi wa Durban tunaishi jirani na vitu hivyo, na wengi bado tunakumbuka mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Engen, kule Wentworth, tarehe 4 Desemba 2020.

Kwa aina tuliyofunga, nyaya mbili huleta umeme wa DC wa volti 24, na ya tatu hupeleka mkondo kwenye paneli. Kukiwa na moto, mkondo ni miliampea 20. Kukiwa shwari, ni 4. Siku ya kwanza mita yangu ilisoma 0, nikashangilia: "Hakuna moto!" Fundi wetu akacheka. Waya ulikuwa umechomoka. Ndiyo maana shwari haikupewa 0: waya uliokatika nao husoma 0, na kimya kingedhaniwa usalama.

Kisha huja kupanga swichi ndogo zilizomo ndani ya kasha: usikivu, na sekunde za kusubiri kabla ya kupiga king'ora. Umbali ukizidi mara mbili, mionzi inayofika hubaki robo, kwa hiyo unashawishika kupandisha usikivu. Lakini ukizidisha, kitapiga kelele ovyo.

Nilimweleza baba haya kwa simu. Yeye ni mchomeleaji, mzaliwa wa Tanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude nakijua. Kila tukichomelea kililia, maana cheche zetu zina huo urujuanimno wako. Wenzangu wakakivisha gunia."

"Mkalivua lini?"

Akanyamaza kidogo. "Sikumbuki kama tulilivua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Vigunduzi vingine hujikagua kioo, lakini kisichojikagua kitaendelea kutuma 4 ndani ya gunia. Hiyo 4 inathibitisha kwamba waya ni mzima, si kwamba jicho linaona. Kwa hiyo kabla ya kuchomelea, kigunduzi huzimwa kwa kibali, huwekwa mtu wa kulinda moto, kisha kazi ikiisha huwashwa na kujaribiwa kwa taa maalumu inayoiga moto.

Tangu siku hiyo, nikimwambia baba "salama", huniuliza: "Umepima, au unajibu tu?"

Wanachama, mwenye neno zuri kuliko "kigunduzi" atuletee Alhamisi.