Mjusi wa nyumbani si uchawi: namna ya kumtunza aliyeumia



Tulipokuwa tunabadilisha mabati ya darasa moja huko Lemera, mtoto wa shule ya Jumapili aliokota mjusi aliyekatika mkia. Akamtia katika katoni, akampeleka kwao. Siku mbili hazikupita, majirani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto ni mchawi. Mama yake alikuja kwetu akilia. Ndiyo sababu tunaandika haya.

Mjusi huyu, ambaye watu wa pwani humwita mjusi kafiri, hana sumu na hatumwi na mtu. Anapanda ukuta kwa sababu chini ya vidole vyake kuna vinyweleo vidogo sana vinavyoshika. Usiku anakaa karibu na taa kwa kuwa anawinda nondo, mbu na mende wadogo. Adui akimkamata, anauacha mkia na kukimbia, kisha mwingine unaota polepole. Kitabu cha Mithali, sura ya 30, kinamhesabu kati ya viumbe vinne vidogo vyenye akili nyingi.

Ukimpata ameumia, fanya hivi:

Mweke katika katoni au ndoo yenye matundu madogo, pamoja na kipande cha gome la mti ajifiche. Usimshike mkia.

Lemera kuna baridi usiku. Funga chupa ya maji ya moto kwa kitambaa, uiweke upande mmoja tu, ili achague mwenyewe joto au ubaridi. Usimweke karibu na mbabula.

Nyunyiza matone ya maji ukutani mwa katoni, atayalamba. Jioni mpe wadudu walio hai, wadogo kuliko kichwa chake: panzi, nyenje, kumbikumbi. Fufu, wali na mkate si chakula chake. Mdudu aliyepuliziwa dawa atamuua.

Kila mara mtoto akimshika, anawe mikono kwa sabuni, maana mijusi hubeba vijidudu vinavyoleta kuhara.

Akianza kupanda na kuwinda vizuri, mrudishe jioni pale alipookotwa. Yeye ni mgeni wa kutunzwa siku chache, si mfungwa. Tena asidhaniwe kuchukua nafasi ya chandarua: anakula mbu wachache tu, na malaria bado inaua watoto wetu.

Kwa wachungaji na wazee wa kanisa tunaongeza neno moja. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Uvumi wa namna hiyo ukianza, msingoje ukue. Nendeni nyumbani kwa mtoto, mketi na wazazi, mseme mbele ya majirani.

Sisi tulikwenda. Mzee mmoja wa kanisa alimchukua mjusi mkononi mbele ya watu wote, akamweka ukutani. Mjusi akapanda mpaka chini ya bati. Watu wakacheka, na mtoto akacheka pamoja nao.