Studio ya Denham na malale ya kwetu (sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi Alexander Korda, Mhungaria aliyehamia London, alivyofungua studio ya Denham mwaka 1936 kwa fedha za kampuni ya bima ya Prudential, na jinsi ilivyomponyoka ikaangukia mikononi mwa J. Arthur Rank. Leo naishika filamu moja tu iliyotoka humo, Men of Two Worlds ya mwaka 1946, kwa sababu inatugusa sisi wa Nyarubungo, Ngara na Biharamulo kuliko tunavyodhani. Inasimulia kijiji cha Tanganyika kinachotakiwa kuhama ili kukimbia malale. Hoja yangu ni kwamba filamu hii ni ushahidi mzuri sana wa fikra za watawala, na ushahidi mbovu kabisa wa maisha ya waliohamishwa.

Tazama ilivyotengenezwa. Wizara ya Habari ya Uingereza iliiunga mkono wakati wa vita, na mwongozaji Thorold Dickinson akaja na kikosi chake Tanganyika mwaka 1943 kupiga picha za nje. Lakini kiini cha mchezo kilipigwa Denham. Rangi ya Technicolor ilidai mwanga mkali mno, kwa hiyo Afrika ikajengwa upya chini ya mataa, karibu na London. Kisenga, mwana wa kijiji aliyekaa Uingereza miaka 15 na kuwa mtunzi wa muziki, anaigizwa na Robert Adams wa Guiana ya Waingereza. Mganga Magole anaigizwa na Orlando Martins wa Nigeria. Mwanzoni Kisenga yuko kwenye piano, anapiga kipande kiitwacho Baraza. Hata hicho kilitungwa na Mwingereza, Arthur Bliss. Ukiondoa mandhari, Mtanganyika mwenyewe hana sauti katika kisa chake.

Kisa chenyewe ndicho kinachoumiza zaidi. Wanakijiji wanakataa kuhama kwa sababu Magole amewatia hofu. Ushirikina ukishindwa, watu watafungasha. Basi mgogoro wote unakuwa kati ya elimu na ujinga. Lakini huku magharibi mwa Tanganyika, Biharamulo ikiwamo, serikali ilipowakusanya watu katika makazi ya malale, kulikuwa na mambo ambayo mtu mwenye akili timamu angeyauliza bila kusukumwa na mganga yeyote: nani atalima shamba jipya msimu huu, migomba iliyoachwa ni ya nani, makaburi ya wazee yatatunzwa na nani. Filamu haina nafasi ya maswali hayo, maana yangemlazimu mkuu wa wilaya anayetaka kijiji kihame kujibu.

Atasema mtu: malale yaliua kweli, na kuhama kuliokoa watu. Nakubali yaliua, na daktari aliyewasihi watu waondoke porini hakuwa adui yao. Ila swali la nani alimjua zaidi mbung'o, inzi anayeeneza malale, halikuishia hapo. John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi pande hizi na akashiriki kuandika historia ya Karagwe, alitoa kitabu mwaka 1971 akieleza kwamba Waafrika walikuwa wakimzuia mbung'o kwa kulima, kuchunga na kufyeka. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipomaliza ng'ombe, na njaa na magonjwa vikapunguza watu, pori likarudi pamoja na mbung'o wake. Yaani kijiji cha Denham kinafundishwa na mkuu wa wilaya jambo ambalo vijiji halisi vilikuwa vikilifanya kabla hajafika.

Wengine hudai kwamba tunaihukumu filamu ya zamani kwa macho ya leo, na kwamba angalau ilimpa Mwafrika msomi nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo ilikuwa nadra, sibishi. Lakini macho ya wakati ule nayo yaliona: mwaka 1943, kabla filamu haijakamilika, Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi, uliokuwa na makao yake London, uliupinga mswada wake mbele ya Wizara ya Makoloni. Waliosoma mswada huo walijua kwamba mganga wa kutisha angekumbukwa kuliko piano ya Kisenga. Denham iliacha kutengeneza filamu mwaka 1952. Katika sehemu ya tatu nitaeleza filamu fupi zilizopigwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ambako angalau kamera ilikaa miongoni mwa watu wenyewe.