Wanafunzi wafunzwe kuiamuru tarakilishi kwa maneno

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo ni mali. Mwalimu ana zamu, mitihani, mikutano ya wazazi na makataa ya kuwasilisha alama. Mwanafunzi ana insha na miradi. Wengi wetu tumeyakabidhi hayo yote kwa simu, tukigusa picha hapa na pale, pasi na kujua yamehifadhiwa wapi wala kwa namna gani.

Ni maoni yangu kwamba ipo njia ya zamani ambayo ingewafaa sana wanafunzi wetu, nayo ni kuiandikia tarakilishi amri kwa maneno na kusubiri ijibu kwa maneno.

Tuchukue mfano wa programu iitwayo "cal", mojawapo ya zana kongwe za mfumo wa Unix, ulioanzishwa katika maabara za Bell, Marekani. Mwanafunzi akiandika "cal 9 1752", katika mifumo mingi ataona ajabu: tarehe 2 inafuatwa na tarehe 14. Hiyo si hitilafu. Mwezi huo wa Septemba 1752, Uingereza na makoloni yake waliiacha kalenda ya Julius Caesar na kuifuata ya Papa Gregory wa 13, na siku 11 zikarukwa. Kwa amri moja fupi, somo la tarakilishi limekuwa somo la historia, na mwanafunzi ametambua kuwa kalenda ni mapatano ya wanadamu.

Nduguye ni "calendar", iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979. Hii husoma faili ya maandishi ya kawaida ambamo kila mstari una tarehe na shughuli yake, kisha huonyesha mambo ya leo na ya kesho. Siku ya Ijumaa huonyesha mpaka ya Jumatatu, kana kwamba ilibuniwa na mwalimu! Ila mtumiaji atahadhari: programu hii hutanguliza mwezi. Ukiandika 3/7 ukikusudia tarehe tatu Julai, yenyewe itaelewa tarehe saba Machi.

Iko pia "cron", mtumishi afanyaye kazi kwa saa aliyopangiwa. Hupewa sehemu tano kwa mfuatano: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Kinyota humaanisha "yoyote". Basi "45 7 * * 1-5", ikifuatwa na amri ya kucheza sauti ya kengele, italiza kengele saa moja na dakika arobaini na tano asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa.

Hapa ndipo Mswahili anapopata la kufikiria. Sisi huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, ilhali mashine huanzia usiku wa manane. Hivyo saa moja yetu ya asubuhi ni saba yake. Siku zetu nazo huanzia Jumamosi, yaani ya mosi, lakini kwa "cron" Jumapili ni sifuri na Jumatatu ni moja. Kwa hiyo Jumatatu, yenye tatu ndani yake, hupunguzwa mbili. Jumanne na Jumatano vivyo hivyo. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini ni hivyo ameielewa mashine, na ameielewa lugha yake pia.

Wapo watakaosema kuwa huku ni kurudi nyuma, maana simu hufanya yote haya bila kutaabisha kichwa. Sikatai kwamba simu ni nyepesi. "Cron" yenyewe ina udhaifu wake: umeme ukikatika saa ya kazi ikapita, kazi hiyo haifidiwi. Lakini hata mwaliko unaotumwa kutoka kalenda ya simu moja hadi nyingine kwa kawaida husafiri kama maandishi matupu, kwa kufuata kanuni iitwayo iCalendar, iliyochapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Chini ya picha zile zinazotupendeza kuna mistari ya maneno. Anayejua kuisoma ni fundi. Asiyejua atabaki kuwa mteja daima.

Isitoshe, faili ya maandishi ni mali ya aliyeiandika. Hunakiliwa kwa urahisi, husomeka kwenye tarakilishi kuukuu, na haihitaji intaneti. Mfumo wa Linux, ambao unazo zana hizi au huweza kuongezewa, hupatikana bila malipo. Kwa shule yenye mashine chache zilizochakaa, hiyo si faida ndogo.

Nawasihi walimu wa somo la tarakilishi watenge kipindi kimoja tu mwanzoni mwa muhula. Kila mwanafunzi aandike faili ya tarehe zake: mitihani, michezo, siku ya kufunga shule. Kisha aiamuru mashine imsomee. Atakosea tarehe, atachanganya saa, na atasahihisha kwa mkono wake mwenyewe. Tukiendelea kuwafunza kubonyeza picha pekee, tutakuwa tumewapa ufunguo wa nyumba wasiyojua ilivyojengwa, na siku kitasa kitakapobadilishwa, watabaki nje.