Faili Likae Ghalani, Mteja Apewe Stakabadhi

Kitabu pepe, noti za masomo, muziki au ramani ya nyumba vinaweza kuuzwa usiku wa manane na kumfikia mnunuzi papo hapo, bila boda boda wala kifurushi. Wepesi huo huwasahaulisha wauzaji kwamba faili nalo ni mali, na mali inahitaji ghala lenye utaratibu. Nitaueleza utaratibu huo kwa kutumia WooCommerce, programu ya duka inayofanya kazi ndani ya WordPress tangu mwaka 2011.

Kanuni kuu ni hii: mteja haonyeshwi faili lilipo, hupewa ruhusa ya kulichukua. Ni kama stakabadhi ya ghala: mwenye nayo huionyesha, mtunza ghala huikagua, ndipo mzigo hutoka. Kiungo anachotumiwa mteja kwa barua pepe hubeba utambulisho wa oda, wa mnunuzi na wa faili. Kikibofywa, duka hukagua kama ruhusa ipo, kama idadi ya kupakua haijaisha na kama muda haujapita.

Ghala lenyewe ni folda iitwayo woocommerce_uploads. Ndani yake huwekwa faili dogo la .htaccess linalozuia watu kuingia moja kwa moja. Seva za Apache hulitii zuio hilo, lakini seva za Nginx hazilisomi kabisa. Huko lazima zuio liandikwe kwenye mipangilio ya seva yenyewe. Kupima ni rahisi. Chukua anwani halisi ya faili, ifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari bila kuingia kwenye akaunti. Faili likifunguka, ghala lako halina mlango, na yeyote mwenye anwani hiyo atajichukulia bure.

Angalia pia namna faili linavyotolewa. Duka linaweza kulipitisha kupitia PHP. Anwani hufichika, ila faili kubwa linaweza kukwama njiani. Au duka linaweza kuikabidhi seva kazi hiyo kwa X-Sendfile au X-Accel-Redirect. Anwani hubaki imefichika na mafaili makubwa hupita vizuri, mradi seva iwe imeandaliwa. Njia ya tatu humwelekeza mteja kwenye anwani halisi. Hiyo isiwe chaguo lako la kwanza, maana anwani ikishaonekana itasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Malipo nayo yana mtego wake. Bidhaa ikiwekewa alama mbili, kwamba haishikiki na kwamba inapakuliwa, oda yake hukamilika yenyewe malipo yanapothibitishwa, na viungo hutumwa. Alama moja ikisahaulika, oda inaweza kubaki ikisubiri mkono wako. Anayelipwa kwa M-Pesa kisha akahakiki ujumbe kwa macho ajue kwamba mteja aliyelipa saa nne usiku atasubiri hadi yeye aamke. Ama aunganishe malipo na duka, au aandike wazi kwenye ukurasa wa bidhaa kwamba faili hutumwa baada ya uhakiki.

Katika kikomo cha kupakua, usimbane mteja. Mtandao hukatika na bando huisha katikati, na jaribio lililoshindikana huweza kuhesabiwa. Ukimwekea mara moja tu, unamwadhibu aliyelipa. Mara tano ndani ya siku thelathini ni kiasi cha haki kwa kitabu pepe. Na hakuna kikomo kinachozuia faili lililokwisha kupakuliwa kupewa mtu mwingine. Kinachosaidia zaidi ni programu-jalizi inayochapa jina la mnunuzi kwenye kurasa za PDF.

Ukisahihisha bidhaa, taja toleo katika jina la faili, kisha fungua oda ya zamani uhakikishe ruhusa bado ipo. Ikipotea, kwenye ukurasa wa oda hiyo unaweza kuitoa upya, kama unavyoweza kuifuta pale fedha zinaporejeshwa.

Kabla ya kutangaza bidhaa, jinunulie mwenyewe: tumia simu ya kawaida, data ya simu na akaunti isiyo ya msimamizi, ulipe bei kamili. Utakachokutana nacho ndicho atakachokutana nacho mteja wako, na ni heri ukirekebishe kabla hajakulipa.