Mizizi ya Kilatini katika Kufundisha Msamiati wa Kiingereza

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili anajua vyema kwamba ng'ombe hula majani na simba hula nyama. Pengine amechunga ng'ombe tangu utotoni. Lakini mwalimu wa baiolojia akimwuliza kwa Kiingereza mnyama aitwaye "herbivore" hula nini, hukaa kimya. Jambo analijua, neno ndilo asilolijua. Mwalimu asipoangalia atamhesabu kuwa mjinga, na baada ya muda mwanafunzi mwenyewe ataanza kusadiki hivyo. Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kupunguza tatizo hilo, nayo ni kufundisha msamiati wa Kiingereza kwa kutumia mizizi ya Kilatini.

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunakuta maneno 20 yameandikwa ubaoni pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Wanafunzi huyanakili na kuyakariri. Kila neno husimama peke yake, wala halimsaidii mwanafunzi kulielewa jingine. Juma linalofuata mengi yamekwisha kusahauliwa, na orodha mpya inangoja.

Asili ya maneno hayo

Yafaa mwalimu afahamu kwanza kwamba Kiingereza hakikuzaliwa na Kilatini. Msingi wake ni lugha za makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza katika karne ya 5, na ndiyo maana maneno ya kila siku kama "water", "house", "eat" na "child" hayana asili ya Kilatini. Kilatini kiliingia hasa kwa milango mitatu. Wa kwanza ni Kanisa, tangu wamisionari kutoka Roma walipofika Kent mwaka 597. Wa pili ni Kifaransa, ambacho chenyewe ni mtoto wa Kilatini, baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wa tatu ni wataalamu waliochota maneno ya elimu katika vitabu vya Kilatini, hususan tangu karne ya 16.

Kwa hiyo mwalimu asiitafute mizizi hiyo katika maneno ya jikoni. Aitafute katika maneno ya sheria, ya utawala na ya sayansi, yaani maneno yale yale yanayomtatiza mwanafunzi wa sekondari.

Mwanafunzi haanzi na mikono mitupu

Mzungumzaji wa Kiswahili amekwisha kuizoea kanuni ya mzizi na viambishi. Akilisikia neno "fundisha" anaona udugu wake na "fundi", "ufundi" na "mafundisho", bila ya kufunzwa na mtu. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha kwamba kanuni hiyo anaweza kuitumia pia katika Kiingereza. Mifano michache ni hii:

"port", kubeba: "import", "export", "transport", "portable".
"spect", kutazama: "inspect", "spectator", "spectacles".
"dict", kusema: "dictation", "predict", "contradict".
"rupt", kuvunja au kupasua: "erupt", "interrupt", "corrupt".
"aequus", sawa, ambalo katika Kiingereza limekuwa "equ" au "equi": "equal", "equator", "equilateral".

Zaidi ya hayo, baadhi ya mizizi hiyo imo tayari katika Kiswahili chetu. "Inspekta" ni mtu atazamaye ndani ya jambo. "Ripoti" ni habari iliyobebwa na kurudishwa. "Senti" ina mzizi mmoja na "century" na "centimetre", maana yake mia. Hata "daktari" asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mwalimu, kutokana na kitenzi cha kufundisha. Darasa likianza na maneno haya yanayojulikana, woga hupungua.

Hatua za somo

Tunapendekeza mzizi mmoja kwa juma, wala si zaidi, kwa hatua zifuatazo.

1. Mwalimu aandike sentensi tatu zenye maneno ya mzizi mmoja, ambayo angalau mawili wanafunzi wamekwisha kukutana nayo katika masomo mengine.

2. Wanafunzi watafute sehemu inayofanana katika maneno yote matatu, kisha wakisie maana yake. Mwalimu asiitaje maana kabla ya wao kujaribu.

3. Mwalimu aeleze viambishi. Kwa mfano, "ex" ni nje, "trans" ni kuvuka, "re" ni kurudi au kurudia.

4. Lije neno jipya ndani ya sentensi. Wanafunzi wakisie maana yake, waihakikishe katika kamusi, kisha watunge sentensi zao wenyewe. Neno lisilotumika katika sentensi bado halijafundishwa.

Mwalimu atahitaji kueleza pia kwa nini kiambishi "in" hugeuka kuwa "im" katika "import" na "impossible", "il" katika "illegal", na "ir" katika "irregular". Hapa tena Kiswahili kitamfaa. Kiambishi kile kile cha ngeli kinachosikika kama "n" katika "nyumba nzuri" huwa "m" katika "nyumba mbaya", ili ulimi upate wepesi.

Tahadhari

Njia hii ina mitego. Kwanza, kufanana kwa herufi si udugu. "Portion" na "portrait" hazina uhusiano wowote na kubeba. Pili, maana ya neno huweza kusafiri mbali na mzizi wake, kama ilivyo kwa "important", ambalo huwezi kulieleza kwa kubeba tu. Tatu, kiambishi kimoja huweza kuwa na maana mbili. "In" hukanusha katika "invisible", lakini katika "inflammable" hakikanushi kitu, bali kina maana ya kuingia katika hali fulani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "in" ni ukanushi tu atalisoma neno hilo kwenye pipa la petroli na kudhani kwamba kilichomo hakishiki moto. Kosa la namna hiyo halikomei katika daftari. Ndiyo sababu hatuna budi kusisitiza kwamba mzizi hutoa dhana ya kwanza tu, na kwamba sentensi na kamusi ndizo zinazothibitisha.

Hitimisho

Tumrudie mwanafunzi wetu wa baiolojia. Akifundishwa kwamba "herb" ni majani na "vor" ni kula kwa kumeza, atalielewa neno "herbivore". Akiongezewa kwamba "carn" ni nyama na "omni" ni yote, atajibu juu ya "carnivore" na "omnivore" kabla ya kutafsiriwa. Inafaa mwalimu wa Kiingereza na wenzake wa sayansi, jiografia na historia wakutane mwanzoni mwa muhula na kuchagua pamoja mizizi kumi inayojitokeza zaidi katika vitabu vyao. Mizizi hiyo ikitajwa katika kila somo linapotokea neno lake, mwanafunzi atapata nafasi ya kuyaonyesha maarifa ambayo amekuwa nayo siku zote.